Mpishi Asiyeonja

Mama wa Hoteli hakuwa mtu wa kula mkate wa leo. Mkate uliotoka tanuruni asubuhi, ule unaonukia mpaka madereva wanashuka kwenye malori bila kuitwa, ulikuwa wa wageni. Yeye alikula wa jana, na wa jana ukibaki, wa leo ulimsubiri mpaka kesho kutwa. Nilimtumikia miaka sita pale Tunduma. Katika miaka hiyo nilimwona mara moja tu akitafuna mkate wa moto, na siku hiyo alikuwa anachukuliwa.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na sitaki kubahatisha. Alikuwa Mpolandi. Vita vya pili vya Wajerumani vilimtoa kwao, vikamzungusha nchi za barafu na nchi za mchanga, mwisho vikamtupa kambini kule Abercorn, upande wa Rhodesia, pamoja na wanawake wenzake. Kambi ilipofungwa wenzake walipanda meli. Yeye alipanda lori akaja kwetu, kwa sababu Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa Mbozi alikuwa amejenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, vyumba vitano na ukumbi wa kulia, akawa anatafuta mtu wa kuiendesha.

Nami niliandikwa kazi wiki hiyohiyo. Leo ukipita Tunduma ukauliza hoteli ya chai na maandazi iliyoezekwa bati jipya pande zote mbili, utaletwa kwangu bila kupotea. Nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza, lakini waliomaliza yote wanakalia viti vyangu na kuniita bwana. Mkate wangu unavuka mpaka. Kuna karani wa serikali aliyehamishiwa Mbeya, mpaka leo anaagiza maandazi yangu kwa basi. Sisemi haya ili nisifiwe. Nasema ili ujue kwamba kila ninachokijua cha jikoni nilikipata kwa mama yule, na kwamba siku ambayo neno langu moja lingemwokoa, sikulisema.

Basi nianze na pua yake.

Mama wa Hoteli alikuwa mpishi asiyeonja. Hakuna aliyeniamini nilipolisema jambo hili, maana mpishi gani asiyepitisha kijiko mdomoni? Lakini ndivyo alivyokuwa. Aliinama juu ya sufuria, akafumba macho, akavuta harufu mara mbili, akasema, "Chumvi kidogo," na kweli ilikuwa imepungua chumvi kidogo. Mwanzoni nilidhani anatuchezea. Nikamjaribu: nikapika mbaazi sufuria mbili, moja na chumvi, moja bila. Alipita akanusa, akaigonga ile isiyo na chumvi kwa mwiko.

"Wewe iko jaribu mimi?"

"Hapana, Mama. Nilisahau."

"Mtu nasahau chumvi, iko na mapenzi au iko na ujanja. Wewe iko na bibi tayari."

Kiswahili chake kilikuwa hicho, cha kambini na cha mashambani kwa Wazungu. Tulimcheka nyuma ya mlango. Lakini kusikia alisikia kila neno, hata lile la kunong'ona, na hilo tulichelewa sana kulijua.

Nilimwuliza kwa nini haonji. Akasema mkono ukishaanza kuonja haujui kusimama, unaonja mpaka sufuria iko tupu na watu bado wanangoja. Alilisema kama mtu aliyewahi kuuona mkono huo. Kwake mpishi alikula mwisho, wote wakishashiba. Sikumwona hata siku moja akitia kitu mdomoni mbele ya mgeni ambaye hajamaliza.

Kwa Wazungu jambo hilo lilikuwa adabu. Kwetu sisi ni kinyume kabisa. Kwetu mwenye nyumba akikuletea kibuyu cha pombe, yeye ndiye anapiga funda la kwanza, machoni pako, kisha ndiyo unapokea. Akikupa mboga, anamega kwanza. Maana yake: tazama, nimekula, sijafa, kula nawe. Mtu anayekuandalia kisha akasimama pembeni kukutazama unavyokula, huyo ana lake jambo.

Nilimpeleka siku moja nyumbani kwa mama yangu, kijijini Isansa. Ni mimi niliyemwalika, na nani mwingine katika Mbozi nzima angemwalika Mzungu akaja kuketi kwenye mkeka? Mama yangu alisonga ugali wa ulezi, akapika maharage na majani ya maboga, akamkaribisha kwa kumega yeye kwanza. Mama wa Hoteli alitazama mkono wa mama yangu ukienda mdomoni. Kisha akala. Alikula kama mwanamume aliyetoka kulima, akausifu ugali kwamba unafanana na mkate mweusi wa kwao. Alipoaga, mama yangu alinivuta nyuma ya ghala.

"Mwanangu, huyu mama ana njaa."

"Njaa gani, mama? Ana stoo imejaa unga mpaka darini."

"Sisemi ya tumbo. Umemwona anavyokihesabu chakula kwa macho? Mtu wa hivyo amekaa na kifo nyumba moja. Mtumikie vizuri, lakini usimfuate kila aendako."

Mama yangu hakukosea. Nilipokuwa nabadilisha shuka nilikuta vipande vya mkate mkavu ndani ya mto wake. Si kimoja, ni vingi, vimepangwa kama matofali na kufungwa kwa kitambaa safi. Vingine vilikuwa kwenye sanduku la nguo, vingine nyuma ya picha ya Bikira Maria. Panya hawakuvigusa maana vilishakuwa mawe. Mkate ukidondoka sakafuni aliuokota, akaubusu, akaurudisha mezani. Na mwanamke huyohuyo, mgeni akimwomba nyama ya pili, alimpa ya pili na ya tatu bila kukunja uso. Mlango wa jikoni hakuufunga kwa ufunguo wala usiku wala mchana. Tuliiba sukari, alijua, hakusema.

Wazungu wa kahawa walimwalika kwenye karamu zao. Alikwenda, lakini kabla ya kwenda aliketi jikoni akala viazi viwili na maziwa ya mgando, akajifuta mdomo, ndipo akavaa kofia.

"Mama, si unakwenda kula huko?"

"Huko mimi nakwenda kaa. Kula, mtu nakula kwake."

Na aliporudi, leso yake ilikuwa na mapaja ya kuku. Alitugawia sisi. Mkata kuni wetu, Anyosisye, mtu wa Ibaba kule Ileje, mcheshi ajabu, alikuwa akilipokea paja kwa mikono miwili na kusema, "Ee Mungu, wabariki Wazungu wa Mbozi wasishibe upesi wakamnyima Mama nafasi ya kuiba!" Mama alicheka mpaka machozi. Ni Anyosisye peke yake aliyeweza kumchekesha.

Juu ya kwao alisema mara moja tu. Tulikuwa tunamenya viazi, mvua inapiga bati. Akasema, "Kule baridi, sisi kula supu ya majani. Mtoto yangu nakula, mimi naangalia."

Nikamwuliza, "Na sasa mtoto wako yuko wapi, Mama?"

"Kule baridi," akasema. Kisha akakiokota kiazi nilichokimenya, akanionyesha kwamba nimekata ganda nene mno.

Sasa nifike kwenye supu.

Siku sita za juma alipika vyakula vya kwao wageni. Mwingereza alipata nyama ya kuoka na mchuzi wa kahawia, Kaburu alipata soseji, Mhindi wa bima aliyekuja kila mwezi alipata dengu katika sufuria ambayo haikuwahi kuingia nyama. Alikuwa akisema, "Mtu iko mbali, tumbo yake iko nyumbani." Lakini Jumapili alijipikia mwenyewe. Nyuma ya hoteli alikuwa na tuta la bitiruti, vile viazi vyekundu kama ini, mbegu zake alikuja nazo kutoka kambini. Alivikatakata, akavitia katika mtungi pamoja na maji, chumvi na kipande cha mkate mkavu, akaufunika kwa kitambaa, akaufukia nusu katika shimo kwenye pembe ya jikoni. Siku saba. Ukichungulia humo unaona wekundu mzito una povu, na harufu kali kidogo. Siku ya nane aliuchemsha wekundu huo pamoja na mifupa. Mikono yake mpaka kwenye viwiko ilikuwa myekundu, na hakuna sabuni iliyoitoa kabla ya Jumanne. Jina la supu hiyo siliwezi, ni kama mtu anayepiga chafya.

Mimi niliinywa. Nataka hili lieleweke. Niliinywa kila Jumapili kwa miaka sita, bakuli zima, na nilipenda uchachu wake. Alinipa kwanza mimi, akala yeye.

Miaka hiyo watu walikuwa na hofu. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka walikuja na habari za banyama, wale ambao pwani huitwa mumiani: watu wanaotumwa na Wazungu kukamata wapita njia, wanawalegeza kwa dawa, wanawatoa damu, au wanawanenepesha kwa kuwalisha mpaka wanasahau jina lao. Na banyama hakuwa Mzungu mwenyewe. Banyama alikuwa mtu mweusi kama wewe, mwenye kazi nzuri kwa Mzungu. Watu walianza kutembea watatu watatu. Barabara ya kwenda ng'ambo ilikuwa tupu saa tisa alasiri.

Nami katika hofu hiyo nilifanya nini? Nilijisifu. Nilikuwa nimeketi kilabuni, pombe ya ulezi imenikolea, mtu mmoja fundi baiskeli akanichokoza.

"Bwana mpishi, hebu tueleze. Huyo mama yako anafukia nini jikoni?"

"Damu ya ng'ombe," nikasema. "Kila Jumapili tunakunywa, mimi na yeye. Unadhani kifua hiki kimetokana na ulezi wenu?"

Watu walicheka. Niliona wanacheka, nikaongeza: kwamba inachacha siku saba, kwamba mikono yake haitakati, kwamba haonji mbele ya watu. Yote hayo yalikuwa kweli isipokuwa neno moja. Fundi baiskeli hakucheka. Alikishusha kibuyu chini polepole, akauliza, "Ya ng'ombe, umesema?"

"Ya ng'ombe," nikamjibu, na kumkonyeza jicho.

Baada ya hapo mwanamke aliyetuletea maziwa akaacha kuingia ndani. Aliweka kibuyu barabarani akapiga makofi, tukakichukue. Wauza mboga wakapungua. Mama aliuliza kuna nini, nikamwambia ni msimu wa kulima. Kisha Anyosisye hakuja kazini.

Siku ya kwanza tulisema amelewa. Siku ya pili nikatuma mtu chumbani kwake, akakuta shoka lipo na mwenyewe hayupo. Siku ya tatu Mama alisimama barabarani tangu asubuhi akiangalia upande wa Ileje, kofia mkononi. Siku ya nne, alasiri, wakaja.

Hawakuja kwa kelele. Wanaume kama arobaini hivi, wana fimbo na mapanga, na wanawake wamesimama ng'ambo ya barabara wamenyamaza kimya. Wanawake wa Tunduma wakinyamaza, jua kuna msiba. Mbele alikuwa jumbe, mzee mpole asiyependa ugomvi. Ilikuwa siku ya saba ya mtungi. Fundi baiskeli aliingia jikoni moja kwa moja kama aliyeonyeshwa njia, na njia nilimwonyesha mimi, akaondoa kitambaa.

"Tazameni wenyewe."

Wakatazama. Mtu mmoja akaita jina la Anyosisye, akaliita kama anamwita aliye ndani ya mtungi.

Mama alikuwa ameshika kisu cha mkate. Nilimwambia akiweke chini, akakiweka. "Hii mboga," akasema. "Mboga ya shamba. Mpishi, sema wao."

Jumbe akainua mkono. "Ndugu zangu, tusimwonee mtu. Kwetu chakula kina ushahidi wake. Chakula kikionjwa mbele ya watu, maneno yamekwisha. Aonje mtu."

"Akionja yeye tutajua nini?" fundi akasema. "Si ndicho kinywaji chake!"

"Basi aonje mtu wake."

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa nimeshika upawa. Mtungi ulikuwa hatua mbili, na nilijua ladha yake kama ninavyoijua ladha ya mate yangu. Funda moja tu. Lakini niliona pia kile walichokiona wao: mtu mweusi, mnene, mwenye kazi nzuri kwa Mzungu, anakunywa kitu chekundu bila kusitasita. Nikinywa wataamini ni mboga, au watasema banyama ni huyu? Ng'ambo ya barabara alisimama mke wangu, mtoto mgongoni. Alinitazama akatikisa kichwa mara moja.

Nikasema, "Mzee, mimi chakula chake sijawahi kukionja. Napika ninachoambiwa."

"Si ulisema mnakunywa wote?" fundi akauliza.

"Nilikuwa natania."

Mama wa Hoteli akanigeukia. Alinitazama vile alivyozoea kuitazama sufuria, kama anavuta harufu. Kisha mtu akaupiga mtungi teke. Wekundu ukakimbia sakafuni mpaka kizingitini, watu wakaruka nyuma kama unawaunguza, mwingine akatapika papo hapo. Wangemmaliza. Jumbe ndiye aliyesimama mlangoni na fimbo yake ya mzee, akawaambia wampige yeye kwanza, akakaa hapo mpaka lori la Mzungu wa kahawa likaja. Katika kungoja huko ndipo Mama alipouchukua mkate wa asubuhi, bado una joto, akaukata kwa mikono, akala amesimama. Alikula wote. Alitafuna polepole, akitutazama, kama mtu asiyejua atakula tena lini.

Walimpakia na sanduku moja. Mto wake wa mkate mkavu ulibaki.

Anyosisye alirudi siku ya tisa, kichwa kimenyolewa. Alikwenda Ikinga kumzika mjomba wake, na aliyepewa salamu atuletee alizisahau njiani. Alipoukuta mlango umepigiliwa mbao aliketi kwenye kizingiti, akawauliza watu, "Mmemfanya nini mama wa watu?" Alikata kuni kwa mtu mwingine, lakini sikumsikia tena akitania.

Nilikwenda kilabuni nikasema ukweli. Nilisimama nikawaambia: ile ilikuwa mboga, nimeinywa miaka sita, siku ile nilisema uongo. Wakacheka. Wakasema, "Huyu bwana! Kila jambo la Tunduma lazima na yeye awemo!" Hata fundi baiskeli alicheka safari hii, akaninunulia kibuyu, akapiga funda la kwanza.

Miaka saba ikapita. Nilikuwa nimekwishajenga. Nilivuka kwenda Kasama, upande wa Rhodesia, kutafuta mabati ya kuokea mkate, na njaa ikanishika mjini. Huko mtu mweusi haingii mgahawani. Kuna tundu ukutani upande wa nyuma, unasukuma mkono, unapewa. Mimi mwenye viti ishirini na vinne nikapanga foleni kwenye tundu. Nikaomba mkate na chai. Mkono ulionipa kikombe ulikuwa na wekundu kwenye kucha.

"Mama," nikasema.

Tundu likafungwa. Nikadhani ndiyo mwisho. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka akatoka, amezeeka, mwembamba, anajifutia mikono kwenye aproni. Watu wa foleni wakanipisha, mmoja akamwambia kwa heshima ya kwao, "Mukwai, huyu anakujua?" Mama akaketi kwenye kreti ya soda, akanionyesha nyingine.

Aliuliza mama yangu bado anasonga ugali wa ulezi. Nikamwambia alikwishazikwa. Aliuliza juu ya Anyosisye, nikamwambia alirudi, alikuwa matangani tu. Akafumba macho, akatikisa kichwa mara nyingi, akasema neno la kwao. Nikaanza kumsimulia hoteli yangu, bati, viti, yule karani wa Mbeya. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

Ndipo nikasema, "Mama, siku ile nilisema uongo."

"Mimi sikia," akasema. "Mimi iko pale."

"Nilimwogopea mtoto."

"Najua. Mimi ona bibi yako." Kisha akasema, "Kule kwetu, mbele ya vita chukua sisi, askari nakuja nyumbani. Nauliza juu ya jirani, mwalimu. Yeye nasema, wewe najua huyu? Mimi nakula kwake kila Jumapili. Mimi sema, hapana. Mimi hapana jua yeye."

"Alirudi?"

"Hapana."

Ndani mtu aligonga meza akiita huduma. Mama wa Hoteli akainuka kwa kushika goti, akakichukua kikombe changu ambacho sikuwa nimemaliza, akakitazama, akanirudishia.

"Wewe iko na bahati, mpishi," akasema. "Mtu yako iko hai, wewe nakuja, naambia yeye. Mimi nakwenda ambia nani?"